Mashine ya Kutarizi Yenye Majina Matatu

Kila kifaa kinachoingia dukani kwangu hupata ukurasa wake kwenye daftari, na kila ukurasa nimeugawa kwa mstari wa wima. Kushoto naandika alichosema mwenye kifaa. Kulia naandika nilichokiona mwenyewe. Maneno ya kushoto hayavuki mstari kwenda kulia mpaka niwe nimeyahakikisha kwa macho au kwa multimita, kile kipimo cha umeme. Mama yangu hupenda kushinda dukani mchana kwa sababu nyumbani hakuna wa kubishana naye, na yeye husema hilo si daftari la fundi, ni daftari la polisi.

Ukurasa ninaoukumbuka leo una maneno haya upande wa kushoto: "Inasimama mu taa. Kila mara mu taa."

Aliyeyasema ni mama mmoja mtarizi, Mkongomani wa Bukavu. Alikuwa na karakana yake ndani ya gereji ya nyumba aliyopanga hapa hapa Rosettenville, Johannesburg, mitaa mitatu kutoka dukani kwangu. Alikuja Jumanne asubuhi, kitenge kimefungwa vizuri, sindano mbili zimechomekwa kwenye ukosi wa blauzi kama kalamu za karani.

"Mama fundi," aliniita, ingawa amenizidi umri kwa miaka isiyopungua kumi. "Wanasema unajua kuflashi."

"Kuflashi nini, mama?"

"Mashine."

"Simu nazijua, kufuta programu yake na kuiandika upya. Redio za gari, ving'amuzi, mageti ya umeme pia. Ni mashine gani?"

"Ya kutarizi. Lakini ufanye haraka, Jumapili iko karibu."

Nilimpa kiti. Alieleza kwa utulivu, vidole vyake vikichora hewani. Akina mama wa kanisa lake, wa matawi yote ya jiji, walikuwa na kusanyiko Jumapili hiyo, na kila kiongozi alitakiwa kuvaa nembo mpya kifuani: msalaba, masuke mawili ya ngano, na katikati taa ya mafuta. Nembo arobaini. Kazi yote alipewa yeye peke yake, kwa mara ya kwanza. Mashine ilitarizi msalaba vizuri, ikatarizi ngano vizuri, kisha ikifika kwenye taa inaganda.

"Na kama haiponi?" nilimuuliza. Hilo ni swali ninalomuuliza kila mteja, kwa sababu jibu lake huniambia nishike kifaa kwa mikono ya namna gani.

Alinyoosha mkono wa kulia. Kifundo kilikuwa kimevimba, ngozi inang'aa. Alikuwa amesuka nywele Hillbrow miaka mingi, akisimama nyuma ya kiti kuanzia asubuhi mpaka jioni, hadi daktari alipomwambia aache la sivyo hatashika hata kijiko. Mashine ile, aliyoinunua ikiwa imeshatumika, ndiyo iliyomtoa huko.

"Hii ikikufa," alisema, "narudi kusuka. Na mukono hautaki kurudi."

Niliandika hayo pia, upande wa kushoto.

*

Gereji yake ilikuwa safi kuliko duka langu. Nyuzi zimepangwa ukutani kwa rangi, kuanzia nyeupe hadi nyeusi, na mashine imesimama katikati juu ya meza ya chuma: kichwa kimoja, sindano tisa, na skrini ndogo pembeni. Kwenye ubavu wake palikuwa na jina moja la kibiashara. Skrini ilipowaka ilionyesha jina jingine. Kijitabu cha maelekezo, kilichokuwa kimekunjika ndani ya droo, kilikuwa na jina la tatu.

"Mashine moja, majina matatu," nilisema.

"Kama mutu wa kukimbia vita," alijibu, na tukacheka wote wawili.

Nilimwomba aiwashe niione ikiugua. Alibana kitambaa kwenye fremu, akachomeka flashi yenye mchoro, akabonyeza. Mashine ilianza kwa sauti yake ya mvua ya mawe juu ya bati. Msalaba ukatokea, halafu suke la kwanza, halafu la pili. Ikaanza kitako cha taa, ikasimama. Skrini ikaganda, na namba ya mishono ikabaki pale pale. Niliiandika. Tukazima, tukawasha, tukarudia, na namba ikawa ile ile. Mara ya tatu, ile ile.

Kifaa kinachokwama ovyo ovyo, leo hapa kesho pale, kina ugonjwa. Kinachokwama kwenye hesabu ile ile mara zote kinatii sheria. Mashine hii haikuwa imeharibika. Ilikuwa na programu ya ndani, ile inayokaa kwenye chipu na kuiambia mashine kwamba yenyewe ni mashine, iliyoandikwa na mtu ambaye hakufikiria kwamba kuna siku mchoro utazidi mishono kiasi fulani. Kazi zake za nyuma, majina kwenye sweta za shule na maua madogo kwenye vitambaa vya meza, hazikuwahi kufika kwenye ukuta huo. Nembo ya akina mama ndiyo iliyougonga kwanza.

"Ukiugawa mchoro mara mbili?" niliuliza.

Alifungua droo akanipa kipande cha kitambaa. Alikuwa ameshajaribu. Nusu ya pili ilisogea kidogo tu, unene wa nyuzi tatu, na taa ilikaa chini ya msalaba kama inataka kuanguka.

"Nimpelekee nani hii?" alisema. "Waniulize kama taa ya kanisa yetu imelewa?"

Akaongeza jambo alilokuwa amelificha hadi hapo. Wiki iliyopita fundi mmoja kutoka Hillbrow alikuja, akafungua sanduku la umeme la mashine, akakaa nalo saa nzima mlango umefungwa, kisha akatoka akisema bodi imekufa, atafute mashine nyingine.

"Mlango umefungwa?"

"Alisema vumbi itaingia."

Nilifungua sanduku mbele yake, mlango wazi. Kwanza nilipiga picha kila waya mahali ulipo, kama mpigapicha wa ajali. Bodi ilikuwa nzima. Lakini chipu ndogo yenye miguu minane, ile inayotunza programu ya ndani, ilikuwa imekwanguliwa uso kwa kisu. Namba yake haikuwepo.

Hapa lazima niseme kitu ambacho sikumwambia siku hiyo. Mkwaruzo ule niliujua kwa sababu nilifundishwa kuukwaruza. Mzee aliyenipa kazi yangu ya kwanza, kwenye duka la simu Mayfair, alikuwa mtu wa sala tano na wa mikono mizuri kuliko fundi yeyote niliyemwona, na kila alipomaliza kutambua chipu ngumu alichukua kisu akaifuta namba. "Mteja akienda kwa mwingine," alisema, "na huyo mwingine naye ateseke kama nilivyoteseka." Nilifanya hivyo miaka miwili. Niliacha siku kifaa nilichokikwangua kiliporudi kwangu mwenyewe, nami sikukumbuka kilikuwa na chipu gani. Daftari langu lilianza wiki ile.

Nilipochomoa bodi na kuiweka kwenye boksi lenye sponji, mama mtarizi alikuwa ameshavaa viatu.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Na wewe. Moyo wangu uko mu hiyo boksi."

*

Kwa hiyo kwa siku mbili nilikuwa na wanawake wawili dukani, mmoja kila upande wa jiko la chai. Mama yangu alimfuata baba huku kutoka Morogoro, baba, Mwafrika Kusini, aliporudi kwao baada ya miaka ya uhamishoni, na ingawa ameishi Johannesburg zaidi ya nusu ya umri wake bado anaamini kwamba Kiswahili, chai na adabu viliishia alikotoka.

"Wewe mama," alimwambia mgeni, "unalilinda boksi hilo kama mahari."

"Mahari ilikwisha zamani. Hii ndiyo bwana mwenyewe."

"Na yule wa nyumbani?"

"Yule analinda geti ya watu kule Hillbrow. Hii inanilinda miye."

Mama yangu akapiga makofi, na kuanzia hapo wakawa marafiki, yaani walibishana kuhusu kila kitu: tangawizi iingie lini kwenye chai, ugali wa mahindi au wa muhogo, na kama mtu anaweza kumwamini fundi ambaye anaandika kabla ya kushika bisibisi.

Mimi nilikuwa natafuta jina la nne. Majina yale matatu nilikuwa nimeyatafuta mtandaoni jioni ya Jumanne bila faida, maana ni vibandiko, na kibandiko hubandikwa na muuzaji yeyote. Bodi yenyewe haina sababu ya kudanganya. Nilipangusa vumbi kwenye pembe zake kwa brashi laini, nikaigeuza, na chini ya plagi kubwa ya waya nikaona herufi mbili na tarakimu sita zilizochapwa kwa rangi nyeupe tangu kiwandani. Hilo ndilo lilikuwa jina lake la ubatizo. Nilipolitafuta, nilifika kwenye ukumbi mdogo wa watarizi mtandaoni, ambako mtu mmoja wa nchi ya mbali, mtengenezaji wa kofia, alikuwa amelalamika kwamba mashine yake inaganda kwenye mishono mingi. Jina la mashine yake lilikuwa la tano, lakini namba ya bodi ilikuwa ile ile. Miezi baadaye alikuwa ameandika tena: amepata programu mpya, imepona.

Nilimwandikia. Jumatano asubuhi jibu lilikuwepo, pamoja na faili, na onyo moja ambalo nililinakili kwenye daftari na kulipigia mistari miwili. Sehemu ya mwisho ya chipu, aliandika, haina programu. Ina vipimo vya mashine yako wewe: kila sindano imekaa wapi, fremu inafika wapi. Vilipimwa kiwandani, mashine kwa mashine, na hakuna nakala popote duniani. Ukifuta kabla ya kuvihifadhi, mashine itaamka haijui sindano zake ziko wapi.

Niliwasomea kwa sauti.

"Kwa hiyo," alisema mama mtarizi, "mu hiyo kitu kidogo muko mukono wa mashine."

"Hasa, mama. Ndiyo maana hatuandiki kitu kabla ya kusoma. Tunasoma chipu nzima, tunahifadhi. Tunasoma tena mara ya pili, tunalinganisha. Zikifanana, hapo tu ndipo tunagusa."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mwalimu. Nakumbuka sauti hiyo vizuri.

Chipu iliyokwanguliwa ina njia zake. Nilisugua chaki nyeupe juu ya uso wake, nikapangusa polepole kwa kidole, kisha nikainamisha taa iangaze kwa ubavu. Chaki ilibaki kwenye mifereji ambayo kisu hakikuifikia, na chini ya lenzi nikasoma tarakimu tatu za mwisho. Nilisafisha miguu yake kwa spiriti, kwa sababu bodi nzima ilikuwa imepakwa vanishi ya kuzuia unyevu, nikaibana kwa kibanio chenye meno manane, na kuiuliza jina lake kwa kisomeo, kijisanduku kinachounganisha chipu na laptopu. Ilijibu. Jibu na chaki vilikubaliana, nikaandika namba kamili upande wa kulia wa daftari. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyepata ushahidi kwa mashahidi wawili wasiojuana.

Papo hapo umeme ukakatika. Laptopu ilikuwa na betri yake na ingeweza kuendelea, lakini nina kanuni: siandiki chipu ya mtu bila umeme wa ukutani na betri kwa pamoja, na chini ya taa nzuri. Nilifungua kibanio, nikafunika bodi kwa kitambaa, tukanywa chai.

"Eish, nchi tajiri hii," alisema mama mtarizi akitazama roboti, taa za barabarani, zilizozimika kwenye kona, na teksi zikipimana ubavu.

"Kwenu umeme upo?" mama yangu alimuuliza.

"Kwetu tuna mito ya kuwasha Afrika nzima."

"Nimeuliza upo?"

"Hapana."

Umeme ulirudi saa nane. Nilirudisha kibanio. Kwa kuwa chipu nilikuwa nimeshaijua, sikuiuliza jina tena. Nilichagua namba yake mwenyewe kwenye orodha ya laptopu, nikasoma. Nikahifadhi. Nikasoma mara ya pili. Nikalinganisha. Kompyuta ikasema nakala mbili zinafanana, hakuna tofauti hata moja.

"Tayari," nilisema. "Sasa tunafuta ya zamani, tunaandika mpya."

"Umepata ile ya zamani yote?" aliuliza mama mtarizi. Alikuwa amesimama nyuma ya bega langu.

"Yote. Mara mbili, na zinafanana."

"Unifungulie nione."

"Hutaelewa kitu, mama. Ni herufi na tarakimu tupu. Hata mimi siisomi kama kitabu."

"Hata kama. Miye sipokei kazi ya mutu bila kugeuza kitambaa."

Mama yangu alicheka kutoka kwenye jiko. "Mwonyeshe, mwanangu. Asije akageuza meza."

Nilikuwa na kidole kwenye kitufe cha kufuta. Nakiri kwamba niliudhika kidogo, maana nilikuwa nimefuata kila hatua, na mteja anayesimama nyuma ya bega ni kama abiria anayekanyaga breki isiyokuwepo. Nilifungua nakala ili ayatazame yale makundi ya herufi na akae chini.

Skrini ilijaa herufi moja. F. F, F, F, mstari baada ya mstari. Nilishuka hadi katikati ya faili. F. Nilishuka hadi mwisho, mahali panapotakiwa kuwa na vipimo vya sindano tisa. F tupu.

"Ni herufi moja," alisema mama mtarizi. "Mashine yangu inajua herufi moja tu?"

Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nilitoa mkono kwenye kibodi na kuuweka mapajani. Kisomeo kisiposikia kitu hakisemi "sisikii". Kinajaza ukurasa kwa herufi hiyo. Mguu mmoja wa chipu, ule wa kutolea majibu, haukuwa umeguswa na jino la kibanio. Nilikuwa nimesoma kimya mara mbili, na kimya hufanana na kimya. Ubaya zaidi ni huu: mguu wa kupokelea amri ulikuwa umegusana vizuri. Ningebonyeza, amri ya kufuta ingefika. Vipimo vingepotea, na nakala yangu niliyojivunia ingekuwa karatasi nyeupe.

"Mama," nilisema, "kaa. Na usiondoke."

"Nilisema naondoka?"

Niliwaeleza wote wawili, bila kupunguza. Nilidhani atakasirika au atachukua boksi lake. Alichofanya ni kuchomoa sindano kwenye ukosi, kuokota kile kipande cha kitambaa chenye taa iliyolewa, na kukigeuza.

"Ona," alisema. "Mbele inaweza kudanganya. Uzi wa chini ukikwisha, mbele inaendelea kuonekana muzuri kidogo, kidogo, halafu unavuta, byote binatoka. Nyuma haidanganyi. Nilipojifunza, maman aliyenifundisha alikuwa hatazami mbele kabisa. Unamupa kazi, anageuza. Mbele atatazama mwenye kununua."

"Basi mwanangu alikuwa anatazama mbele mara mbili," alisema mama yangu.

"Na kuandika mu daftari," aliongeza yule mwingine, na wakacheka mpaka wakashikana mikono. Nilistahili.

Chini ya lenzi niliona tone la vanishi, dogo kuliko mbegu ya ufuta, limebaki kwenye mguu wa pili. Mara ya kwanza jino la kibanio lilikuwa limekaa pembeni yake. Mara ya pili lilikaa juu yake. Nilililainisha kwa spiriti, nikalikwangua kwa ncha ya kijiti. Nikabana upya. Safari hii niliiuliza chipu jina lake kwanza, ikajibu. Nikasoma, nikahifadhi, nikafungua nakala kabla hata ya kusoma mara ya pili.

Skrini ilikuwa na kila kitu: makundi ya herufi yasiyofanana, vipande vya maneno, mapengo. Nilishuka hadi mwisho. Katikati ya tarakimu palikuwa na mstari mmoja unaosomeka, na kabla sijaunyooshea kidole mama mtarizi aliusoma kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, akimalizia kwa kichwa bila kutazama skrini.

"Umeijuaje?"

"Ni namba ya mashine. Iko mu kibao cha chuma, chini, kwa miguu. Naipangusa kila asubuhi."

Hapo ndipo nilipojua kwamba nimeshika kitu cha kweli. Nilisoma mara ya pili na ya tatu, nikalinganisha, nikahifadhi nakala mahali pawili. Nilichukua programu mpya ya yule mtengeneza kofia, nikakata sehemu yake ya mwisho, nikaunganisha vipimo vya mashine yetu. Nikafuta. Nikaandika. Nikasoma nilichokiandika, nikakifungua, nikakitazama upande wa mwisho. Namba ya kibao cha chuma ilikuwa mahali pake. Wote watatu tuliitazama, hata mama yangu, aliyevaa miwani kwa ajili hiyo tu.

*

Alhamisi asubuhi nilirudisha bodi gerejini, waya kwa waya, nikifuata picha. Mashine ikawaka. Jina kwenye skrini lilikuwa limebadilika tena.

"Sasa ni majina matano," nilisema.

"Aitwe vile anataka. Afanye kazi."

Alibana kitambaa. Msalaba. Suke la kwanza. Suke la pili. Nilikuwa nimefungua daftari, na ile namba ya mishono iko mbele yangu, na macho yangu hayakuwa kwenye kitambaa bali kwenye kaunta ya skrini. Yeye alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Kaunta ilikaribia namba ile, ikaifika, ikaipita bila hata kupunguza mwendo. Kitako cha taa kikajaa, halafu shingo, halafu ulimi wa moto kwa uzi wa njano.

Mashine ilipokata uzi, hakushangilia. Alifungua fremu, akatoa kitambaa, akakigeuza. Alipitisha kidole gumba juu ya mafundo yote, polepole, kutoka msalabani hadi kwenye moto. Kisha akanipa mimi, upande wa nyuma ukiwa juu.

"Kagua."

Nilikagua. Sijui utarizi, lakini niliona kwamba uzi wa chini ulikuwa mweupe na sawa katikati ya kila mstari, na hapakuwa na mahali uliporuka.

"Iko muzuri?"

"Iko nzuri, mama."

"Basi zinabaki makumi tatu na tisa."

Alizimaliza Jumamosi mchana. Jumapili nilipita mbele ya kanisa lao nikitoka kununua mkate, nikaona vifua vya akina mama vikitoka mlangoni na taa zimesimama wima.

Nilikuwa nimemwandikia karatasi ya kubandika ndani ya kifuniko cha sanduku la umeme: namba ya bodi, namba kamili ya chipu ile iliyokwanguliwa, programu ipi imewekwa, na mahali nakala ya zamani ilipo, ili fundi ajaye, awe mimi au mwingine, asianze na chaki. Nilipompelekea Jumatatu aliisoma yote, akaikunja, akaitia kwenye droo.

"Karatasi inaliwa na mende," alisema.

Alikaa kwenye mashine. Sikuelewa anafanya nini hadi nilipoona namba zinatoka, nyeusi juu ya kitambaa cheupe kisichozidi kiganja: herufi mbili na tarakimu sita za bodi, chini yake chipu, chini yake programu. Alikata uzi, akapaka gundi pembeni tu, tukafungua kifuniko, akakibandika ndani kwa kukibonyeza kwa viganja vyote viwili.

Pembe moja aliiacha bila gundi. Nilidhani amesahau, nikamwonyesha.

"Sijasahau," alisema, akaiinua pembe ile kwa ukucha nione. "Fundi akikuja, ageuze."

Nilirudi dukani nikafungua ukurasa wake. Upande wa kulia, chini ya hatua ya kulinganisha nakala mbili, niliongeza hatua moja kwa wino mweusi. Mama yangu aliitazama juu ya bega langu, akairudisha miwani mfukoni, akaenda kuweka chai.